Tuba, Tromboni na Pumzi Isiyotosha

Jumatatu, 3 Juni

Mazoezi ya bendi. Mwalimu wetu ametangaza kwamba kwenye tamasha la Jumamosi ya wiki ijayo, wapigaji watatoka wawili wawili. Filimbi mbili, klarineti mbili, tarumbeta mbili. Sisi wa sauti za chini tuko wawili tu katika bendi nzima: mimi na tuba yangu, na kaka wa mke wangu, kinyozi, na tromboni yake. Sikumchagua. Nilioa, mke akaja naye.

Tukafungua kabati la karatasi za muziki. Filimbi wana muziki wa wawili rundo zima. Tarumbeta wana marundo mawili na bado wanalalamika. Tuba na tromboni: karatasi moja. Nusu imeliwa na mchwa, na nusu iliyobaki ni ya kuhesabu kimya. Miaka yote hii watu wamebeba vyuma hivi vizito mapajani, na hakuna aliyewaza kwamba huenda nao wana la kusema.

Sinung'uniki. Nilianza kazi ya matangi ya maji kwa nyundo ya kuazima, leo matangi yangu yamekalia nusu ya mapaa ya mtaa. Kama muziki haupo, nitautengeneza. Namshukuru Mungu kwa mikono.

Jumatano, 5 Juni

Mama anakuja tamashani! Masikio yake yamezeeka kuanzia juu kwenda chini. Ndege hawasikii. Kengele ya mlango haisikii. Lakini lori likipita barabara ya nyuma, anakwambia limebeba au liko tupu. Daktari alitueleza kwamba sauti nyembamba zimemtoka, nene zimebaki. Maana yake, katika bendi yote hiyo atakaowasikia sawasawa ni mimi na Shemeji. Nashukuru nilichagua chombo kinachomfaa mzazi. Waliochagua filimbi, shauri yao.

Ila amenichoma. Ameniambia miaka yote amenisikia nikifanya pum, pum, pum. Akauliza kama ni tuba isiyo na wimbo au ni mimi.

Basi nimeamua. Nitampigia ule wimbo aliokuwa akiuimba kwa kuguna marehemu baba akisukuma randa kwenye karakana yake ya useremala. Mistari minane. Yote nitaipiga mimi. Shemeji atafanya pum, pum. Naye aonje.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempelekea Shemeji karatasi yake kazini. Mteja alikuwa na povu nusu ya uso. Shemeji akasoma, akauliza mbona yake ina noti mbili tu zinazopokezana kama walinzi wa geti. Nikamwambia huo ndio msingi, na nyumba bila msingi haisimami. Akasema ni kweli, ila anaona amepewa msingi peke yake, na vyumba vyote, sebule na baraza vimekwenda kwa mtu mmoja. Mteja akacheka, povu likamwingia mdomoni.

Kisha, kwa upole wake ule unaoniudhi, akasema wimbo wenyewe umekaa pazuri kabisa kwa tromboni. Kwa nini tusigawane, mstari wako, mstari wangu?

Kugawana. Mama ni wangu, marehemu baba ni wangu, wino ni wangu.

Nimerudi nyumbani na kuushusha wimbo wote ngazi nzima, kutoka do hadi do ya chini yake, kule ambako tromboni yake haifiki. Sasa agawane na nani? Tena kuna faida ya pili: Mama atausikia vizuri zaidi. Nashukuru kwa kichwa nilichopewa.

Jumatatu, 10 Juni

Nafanyia mazoezi ndani ya tangi la lita elfu tano ambalo bado sijalifunika. Sauti inazunguka vizuri mno.

Sasa hesabu. Wimbo ulipokuwa juu, pumzi moja ilinibeba mistari miwili. Mistari minane, pumzi nne. Hesabu safi, haina makombo. Leo nimeupiga kule chini kwa mara ya kwanza. Pumzi imekatika kabla mstari wa kwanza haujaisha. Nikarudia. Ikakatika mapema zaidi. Noti za chini zinakunywa upepo kama ng'ombe kisimani! Bomba likiwa pana, tangi hukauka upesi: maneno hayo nawaambia wateja kila siku, nao wananilipa.

Mke wangu alikuja kuniita chakula, akanikuta nimekaa sakafuni mwa tangi naona nyota mchana. Akauliza kwa nini nisiurudishe wimbo juu. Nikamweleza kwamba karatasi zimeshaandikwa kwa wino. Akaniambia chakula kinapoa. Nashukuru kuwa na mke asiyependa mabishano.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepata dawa. Kila ninapotaka kuvuta pumzi, Shemeji apige pum yake kwa nguvu, msikilizaji asilione tundu. Tumeijaribu leo mbele ya Mwalimu.

Pum zimekuwa nyingi kuliko wimbo. Mwalimu amesema anasikia watu wawili wanapandisha kabati ngazini, na mmoja amechoka ameliachia. Tarumbeta wa kwanza, yule wa marundo mawili, amecheka hadi akafuta macho kwa tai. Nilitegemea Mwalimu atatutoa kwenye ratiba. Amesema hatatutoa, kwa heshima ya Mama, lakini tutapiga mwisho kabisa, watu wakiwa wameanza kutafuta mikoba yao.

Nimeumia. Si kwa ajili ya tarumbeta. Mama hana matamasha mengi mbele yake, na masikio yale hayasubiri. Akitoka pale na pum, pum tu, ndizo atakazobaki nazo.

Shemeji alinisaidia kubeba tuba hadi nyumbani. Njiani akaniambia, "Shemeji, wewe pumua. Hakuna anayekufukuza." Kisha akaomba karatasi yangu ya wimbo akainakili. Nikampa. Mtu akitaka kujifunza kwa mkubwa wake, usimnyime.

Jumamosi, 15 Juni

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa mbele, katikati. Filimbi walipopiga alikuwa anatazama dari. Tarumbeta walipopiga alimuuliza mke wangu, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, kama wale vijana bado wanajiandaa.

Ikafika zamu yetu. Mstari wa kwanza niliusukuma kwa woga tu, ukapita. Mama akainua kichwa. Ameutambua! Nikaingia mstari wa pili kwa furaha, na katikati yake tangi likakauka. Hamna kitu. Midomo ipo, vidole vipo, upepo hakuna. Na Mama ananitazama, ananingoja.

Tromboni ikauchukua wimbo palepale. Ngazi moja juu yangu, taratibu, kama mtu anayekupokea mzigo bila kukuuliza. Nikavuta pumzi hadi tumboni. Mwisho wa mstari akanikonyeza, akarudi kwenye pum, pum zake, nami nikaupokea. Tukaenda hivyo. Kila nilipoishiwa, yeye yupo. Mstari wa nane tuliupiga pamoja, mimi chini, yeye juu, na hakuna mtu aliyegusa mkoba.

Nilichungulia karatasi yake tulipokuwa tunainama. Ameandika wimbo wote juu yake, na msalaba mdogo kila mahali ninapokufa. Misalaba kumi na moja. Si haki, ni tisa.

Mama alipanda jukwaani kwa kushikwa mkono. Akatushika wote wawili. Akasema hivyohivyo ndivyo ulivyokuwa. Baba akisukuma randa alikuwa anaishiwa pumzi katikati ya mstari, naye Mama huko jikoni anaumalizia, halafu baba anauchukua tena. Maisha yao yote ya ndoa, akasema, hakuwahi kuusikia kwa mtu mmoja. Akamwita Shemeji "mwanangu". Akaniambia mimi nimefanana na baba kwa kila kitu, hasa kifua.

Machozi yalinitoka. Nilisema ni jasho la kazi, na Shemeji, ambaye kwa kweli ni mtu mwema, alinipa taulo lake la kinyozi.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya shukrani. Nimempelekea Shemeji tangi dogo la pale kazini kwake, la kusafishia vichwa vya wateja. Nimemwambia asiniambie asante, akatii.

Mwalimu naye alipita nyumbani. Anasema watu wameulizia sana wale wawili wa mwisho. Anaomba tuandike muziki mwingine wa wawili, tuujaze kabatini, kwa ajili ya tuba na tromboni zitakazokuja baada yetu. Nimekaribia kumkumbatia.

Nimeshaanza. Wimbo mpya, mistari kumi na sita, yote ya tuba. Kwa kuwa Mama amependa chini, nimeushusha ngazi mbili. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kudharau mafunzo, safari hii nimeacha nafasi tatu za kupumua, ambazo Shemeji anaweza kuchomeka chochote anachopenda. Nne zingemvimbisha kichwa.