Kuba la Kufukizia Kanzu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Bi Time kanitangazia vita. Si kwa kelele. Mke wangu akipiga kelele mimi hulala usingizi mzuri. Akisema polepole ndipo nnapoogopa. Kasema polepole, huku ananimiminia chai: Ramadhani ikimkuta bado anapandisha ndoo za maji ghorofani, atahamia Michenzani kwa dada yake Salhiya, na futari nitajipikia mwenyewe.

Nikamwambia awe na subira, nyumba hii ya mawe ni urithi wa dunia nzima. Akasema magoti yake nayo ni ya zamani, mbona hayana wa kuyahifadhi.

Nikanywa chai.

Kujipikia futari! Mimi yai tu linanishinda.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata dawa. Tangi la plastiki, juu ya nyumba.

Tatizo moja dogo. Tupo Malindi ya Mji Mkongwe, kichochoro cha nyuma, ndani ya eneo la hifadhi. Kijumba chetu ni cha mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama ngome, vyumba vyembamba kama ukanda, maana boriti za mikoko za dari hazifiki mbali zaidi ya hapo. Tangi la kuonekana juu ni marufuku. Saruji ukutani marufuku. Madirisha ya alminiamu marufuku. Jirani yangu Mbarouk anayo mawili, kayaficha nyuma ya mbao za kale. Mimi nnajua. Yeye anajua kuwa mimi nnajua. Ndiyo maana tunaamkiana kwa adabu.

Bi Time kanambia niende ofisi ya uhifadhi nikaulize kwanza. Kuuliza! Mtu akiuliza hujibiwa. Akishajibiwa, hawezi tena kujifanya hajui.

Tumelipandisha mchana, mji mzima umelala baada ya chakula. Mimi na fundi Mjaka na kamba. Mjaka kavuta, mimi nimesimamia. Kasema boriti zina umri, tusijaze zaidi ya nusu. Nikasema sawa. Nikajaza.

Maji yakatoka bafuni juu! Bi Time akafungua mfereji, akanawa uso, akafunga, akafungua tena, akanawa tena. Akacheka. Mwanamke huyu akicheka mimi nnarudi kijana, mgongo tu ndio haurudi.

Ijumaa, 7 Februari

Msikitini, watu wanavaa viatu. Mbarouk kapaza sauti: "Kheir! Umeanza kufuga tembo juu ya nyumba?"

Kila mtu katazama juu. Kweli, jeusi, nene, limekaa kama limeshiba.

Nikamwambia ni kivuli. Akauliza kivuli cha nini. Nikamwambia cha roho yako.

Jioni nimepigiwa simu. Afisa wa uhifadhi atakuja Jumanne. Yupo jirani aliyelalamika, jina lake hawakulitaja. Hawakuwa na haja ya kulitaja. Nimemwona Mbarouk kwenye roshani yake, anakula njugu.

Jumapili, 9 Februari

Kulishusha tangi? Na Bi Time aondoke? Hasha.

Kama halitakiwi kuonekana tangi, basi lisionekane tangi. Lionekane kitu chengine.

Jana nililipaka chokaa. Chokaa haishiki plastiki. Iliteremka yote kama uji. Leo nimelizungushia kamba za usumba, tangu chini hadi juu, halafu ndiyo chokaa. Ikashika! Juu kabisa nimepachika bakuli, chini juu, kama kilele. Pembeni nimeacha tundu ili mkono wa Mjaka ufike kwenye bomba.

Nikashuka kichochoroni kulitazama. Subhanallah. Kuba! Jeupe, la duara, la heshima. Nilijihisi nimetoka ukoo mkubwa.

Bi Time anatafuta bakuli lake la tambi.

Jumanne, 11 Februari

Afisa kaja. Bi Tahiya. Binti mdogo, kasoma mpaka ng'ambo, lakini kanipa shikamoo yangu vizuri nami nikampa marahaba yake. Nikasema moyoni: mtoto wa watu, huyu mwepesi.

Akapanda juu. Akalizunguka. Akainama, akainuka. Akatabasamu. Akauliza hiki nini, mzee wangu.

Nilipanga kusema ni pambo. Mdomo wangu hauna tabia ya kunishauri. Ukasema: kuba la kufukizia kanzu.

Ukaendelea wenyewe. Kwamba zamani, siku za Ijumaa, kanzu za wanaume wa nyumba hii zilitundikwa humo ndani, chetezo kikawekwa chini, udi ukapanda, mtu akitoka hapa harufu yake inafika Darajani kabla yake.

Kauliza mbona picha za zamani hazilionyeshi. Nikamwambia watu wa zamani walikuwa na haya, hawapigi picha nguo za wenzao.

Hapo akaingia Mbarouk. Kaja kuniona nnavyoumbuka. Bado anahema kwa ngazi, akamsikia Bi Tahiya anasema hajapata kuona kuba kama hili Mji Mkongwe mzima, huenda likawa la pekee.

Uso wa Mbarouk ulibadilika. La pekee? Kwa Kheir?

"Pekee gani!" akasema. "Na kwetu lilikuwepo! Tena kubwa kuliko hili! Kanzu kumi kwa mpigo! Marehemu baba ndiye aliyelibomoa."

Nikamtazama. Naye akanitazama. Mshitaki kageuka shahidi, kwa wivu tu! Nilitaka kumbusu. Nikajizuia, kala kitunguu.

Bi Tahiya akaandika yote. Kisha akasema kwa upole kwamba Jumapili atarudi na mkubwa wake, waje walione likifanya kazi.

Likifanya kazi!

Alhamisi, 13 Februari

Habari imetoka. Haitham, yule mtembeza wageni mwenye miwani, kaleta kundi zima kichochoroni. Kawaeleza mpaka yale ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijayazua.

Mbarouk naye hachoki. Kakaa barazani kwake anawaita wageni: lao lilikuwa na milango miwili. Nikajibu kutoka dirishani kwamba letu lina mahali pake pa vilemba. Akasema lao lilifukiza na majoho. Nikasema letu lilifukiza na wageni wakitoka safari. Tumebishana mpaka adhana ikatuamua.

Bi Time kanisubiri ngazini. Kanisihi nimwambie mtoto wa watu ukweli kabla ya Jumapili. Nikamwambia ukweli utatukatia maji. Akasema maji ya uongo hayamtoharishi.

Kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake ni kubaya kuliko kusema polepole.

Jumapili, 16 Februari

Nnaandika kwa mkono unaonuka moshi.

Walikuja. Bi Tahiya, mkubwa wake mwenye tumbo na kalamu mfukoni, Haitham na wageni wake, Mbarouk mbele ya wote. Bi Time kakataa kupanda. Kakaa chumbani, chini ya kuba, anakunja nguo zake.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Chetezo kwenye lile tundu la pembeni, makaa kidogo, udi mwingi. Moshi utapita kati ya kamba na plastiki, utatokea juu kwenye bakuli. Watapiga makofi, watakwenda zao.

Ukatokea! Mwembamba, wa buluu, harufu ya harusi. Wageni wakasema aah. Mkubwa akatikisa kichwa kwa heshima. Mbarouk akasema lao lilitoa moshi mzito zaidi.

Moshi ukawa mzito zaidi.

Nilisahau jambo moja kuhusu usumba. Usumba ni makumbi ya nazi. Makumbi ndiyo tunayowashia moto.

Kuba likaanza kukohoa. Chokaa ikapasuka vipande, ndani mwekundu kama jicho la mlevi. Bakuli likaruka. Mbarouk akapiga kelele kwamba lao halikuwa hivi, lao halikuwepo kabisa, yeye hamo! Kisha bomba likalainika, likachomoka, na maji yote, ambayo Mjaka alisema yawe nusu, yakatoka kwa pamoja.

Moto ukazimika hapo hapo. Nilimwambia mkubwa: unaona, linajizima lenyewe, ufundi wa kale.

Hakucheka. Alikuwa anatazama maji yanakokwenda. Yalikuwa yanakwenda chini.

Nikakumbuka Bi Time.

Nilishuka ngazi kama sina mgongo. Mzima, alhamdulillahi. Kasimama kati ya chumba, kalowa tangu kichwani. Kitanda kimelowa. Kipande cha dari kimeanguka pale pale anapoweka mto wake. Kanga alizonunua kwa ajili ya mwezi mtukufu zinaelea.

Hakusema polepole. Hakusema kabisa. Akabeba mkoba akashuka.

Jumatatu, 17 Februari

Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu kwa chai niliyoipika mwenyewe. Ilikuwa na ladha ya adhabu.

Bi Tahiya na Mjaka wamepima dari. Boriti mbili zimeliwa na mchwa, ndani unga mtupu. Mjaka kasema tangi lile lingebaki mwezi mmoja zaidi, lingeshuka lenyewe kitandani kwetu. Upande wa Bi Time.

Sikupata mzaha wa kusema. Nilitafuta.

Nikamuuliza Bi Tahiya alijua lini. Kasema siku ile ile ya kwanza, alipoinama. Kuba gani la kale lina bomba la plastiki? Mbona hakusema? Kasema alitaka kuona nitafika wapi, lakini hakudhani nitafika mpaka chumbani.

Kisha akanambia lililoniuma zaidi. Ningekwenda kuuliza, angenambia tangi liwekwe uwani, lizungushiwe mbao, pampu ipandishe maji juu. Kibali chake hutoka kwa siku moja.

Siku moja!

Jumamosi, 22 Februari

Boriti mpya zimeingia, za mikoko, na chokaa, si saruji. Tangi lipo uwani, pampu inapandisha maji. Nimelizungushia mbao za kimia, zenye vitundu vitundu. Bi Tahiya mwenyewe kapiga muhuri.

Nimekwenda Michenzani. Bi Salhiya kanifungulia mlango kidogo tu, upana wa pua yangu, akaniuliza nnauza nini. Nikamwambia nnauza mume, kalowa kidogo. Nikasikia mtu anacheka ndani, kisha anajikohoza ili isijulikane kacheka.

Bi Time akaja mlangoni. Nikamwonyesha kibali. Akakisoma chote, mpaka muhuri. Akauliza kuna uongo wowote umebaki ndani ya nyumba ile. Nikamwambia mimi tu. Akasema huo anaujua.

Akachukua mkoba.

Alhamisi, 27 Februari

Mwezi unangojwa. Ndoo zote zimekaa zimefunikwa. Bi Time yupo bafuni juu, anaosha mapazia kwa maji yaliyopanda yenyewe, anaimba. Amani tupu. Nimeapa kuishi kwa ukweli.

Alasiri akaja Haitham na wageni wapya. Wametoka mbali, wanataka kuliona kuba la kufukizia kanzu. Nikawaambia ukweli: halipo tena. Nyuso zikawaanguka. Mama mmoja karibu alie. Mimi siwezi kumvunja moyo mgeni, sikulelewa hivyo.

Nikawakaribisha uwani. Nikawaonyesha zile mbao za kimia. Nikawaambia wasogee, wasiguse, ni pa kale sana. Hapa, nikasema, ndipo mahali pa kumfichia bwana harusi mkwewe akija ghafla. Anakaa humo ndani, anachungulia kwenye kimia, anapewa halua kwa mkono wa—

Ndoo nzima. Baridi. Tangu utosini.

"Maji ya juu yanatoka, Kheir!" Bi Time kapaza sauti dirishani. "Waeleze na hilo!"

Wageni wakapiga makofi. Wamedhani ndiyo mila yenyewe. Haitham kauliza kama kesho itafanyika tena, ana kundi kubwa zaidi.

Nnaandika nimejifunga shuka, kanzu ipo kwenye kamba. Nimelifikiria sana kosa langu, kwa unyoofu wa moyo, na nimeliona. Nilisimama chini ya dirisha.

Kesho nitawasimamisha karibu na ngazi.