Masharti ya Waliochanjwa

Redio ndiyo iliyotuchokoza. Asubuhi hiyo, baada ya matangazo ya mazishi, ilirudia maneno ya jana, kwamba akina baba wa Kindu nao waache uvivu, wafuatane na wake zao kupeleka watoto kuchanjwa. Pale kijiweni kwetu, kwenye kahawa ya Mwanvua karibu na stesheni, hata mimi ninayeziba matairi ya baiskeli niliacha tairi likipumua.

"Baba mwenye ndevu akae kwenye mustari wa wamama?" alisema Chef Gare. "Atafunga kitenge pia?"

Chef Gare, yaani mkuu wa stesheni, ni Louis. Reli hajaifanyia kazi hata siku moja. Tulimpa cheo hicho kwa sababu kila asubuhi anatangaza treni, na kila jioni treni haijaja.

"Tena ile vaccin inapita kwenye neva," alisema Dokta. "Inapanda, inashuka, inapiga kona."

Dokta naye ni Gédéon, muuza sabuni. Aliwahi kulazwa hospitali kwa ajili ya ngiri, akatoka na maneno ambayo mpaka leo hajayamaliza.

"Munyamaze wote," ilisema sauti ya tatu kutoka mwisho wa benchi. "Hapa mutu mwenye kujua chanjo iko mumoja tu. Njo miye. Niko nimechanjwa."

Tukaguna kwa pamoja. Huyo ni mzee Bulaimu, ambaye mji mzima unamwita Haguswi. Wakati wa vita alikuwa porini na wapiganaji wa Mayi-Mayi, yaani Maji-Maji, upande wa Kibombo. Mganga wao alimchanja chale kifuani, akampaka dawa, akamnyunyizia maji ili risasi zigeuke maji, kisha akampa masharti: asishikwe mkono na mtu, asikaribiane na mwanamke, asile sombe, yale majani ya muhogo. Vita viliisha, wenzake wakarudisha bunduki. Haguswi naye alirudisha bunduki, lakini masharti alibaki nayo. Kuhusu mwanamke alilegeza kidogo, maana ana watoto na wajukuu, na hilo hatupendi kumuuliza. Lakini mkono hatoi, anakusalimia kwa kidevu. Na sombe haonji, ingawa sufuria ya Mama Gisèle, muuza chakula jirani yetu, inatokota hatua chache kutoka puani pake siku zote za Mungu. Mimi nimewahi kumwona akifunga macho upepo ukivuma kutoka kule.

Kabla hatujaanza kumtania, tukasikia kilio.

Alikuwa Aimé, dereva wa pikipiki tunayemwita Bila Breki. Kijana huyu hupita na abiria wawili na mbuzi mmoja huku anajibu simu. Leo alikuja kwa miguu, pole pole, macho yametoka, kitenge cha mke wake amekifunga kifuani kwa fundo kubwa, na ndani ya kitenge mtoto anapiga kelele kuliko honi ya pikipiki yake.

"Bila Breki! Umepandisha muteja gani huyo?" aliuliza Chef Gare.

"Muniache, bana. Ni Espérance. Sijalala. Claire hajalala. Nimemwambia Claire alale kidogo, mimi nitembee na mutoto."

"Iko na nini?"

Aimé akajibwaga kwenye benchi. Mtoto akapandisha sauti.

"Jana nilisikiliza ile redio yenu! Nikasema miye ni baba wa kisasa. Nikawapeleka yeye na mama yake centre. Wakamudunga kwenye paja, wakamutia matone mudomoni. Mutoto alikwenda pale akiwa na akili zake, anacheka na kila mutu. Tumerudi na mutoto mwingine! Halali, ananyonya kidogo analia, mwili uko na moto-moto, ukimulaza anapiga kelele. Miye nasema, ile sindano ya pili harudi kule. Nimeapa."

"Usiape mbele ya kahawa," alisema Mwanvua akimmiminia kikombe. "Claire anasema nini?"

"Anasema nikimukataza mutoto sindano ya pili, nitafute nyumba ingine ya kulala."

Tukacheka. Aimé hakucheka.

"Ni neva," alisema Dokta. "Vaccin imefika kwenye kona, imekosa njia."

"Si neva," alisema Haguswi. "Ni masharti. Kijana, muganga aliwapa masharti gani?"

"Alisema maneno mengi, muzee. Miye nilikuwa nimerudi pa mulango, naangalia mutu asiibe pikipiki. Nilisikia tu usifanye hivi, usifanye vile."

"Mumesikia?" Haguswi akasimama. "Masharti yalikuwako! Na mumeyavunja. Jana watu walikuja kuona mutoto?"

"Jirani wote."

"Walimushika mukono?"

"Mukono, shavu, muguu, yote."

"Aya! Na mama yake amekula nini?"

"Wali na sombe."

"Sombe!" Haguswi akashika kichwa. "Sombe imeingia kwenye maziwa, maziwa yameingia kwa mutoto, chanjo imekufa! Na tena, mutu amechanjwa, hapana kukaa karibu na mwanamuke."

"Muzee," alisema Mwanvua, "huyu chakula chake chote kiko kwa mwanamuke!"

"Njo hapo mumekosea."

"Sasa nani amunyonyeshe? Chef Gare?"

Hapo kijiwe kikalipuka. Chef Gare alisema yeye maziwa yake ni ya kopo. Dokta alisema neva za mwanamume hazifiki huko. Aimé, ambaye hajawahi kubishana akiwa ameketi, aliruka wima akapiga kelele kwamba mwanawe hawezi kunyimwa ziwa kwa sheria za porini, hata zikitoka kwa jenerali. Haguswi alisema sheria ni sheria. Mwanvua alisema sheria hiyo iende ikanyonye yenyewe.

"Ngojeni!" alisema Dokta, kidole juu. "Hamusikii?"

Hatukusikia kitu. Ndiyo maana yake. Espérance alikuwa amenyamaza, macho wazi, anatutazama.

Tukanyamaza sote kwa heshima. Aimé akaketi taratibu, pumzi ameishika. Mtoto akakunja uso, akaachia kilio cha kuamsha stesheni.

"Murudishe kelele!" alipiga yowe Aimé. "Amependa kelele!"

"Kelele ya nini?"

"Ya kitu chochote!"

"Treni inakuja leo!" alifoka Chef Gare.

"Haikuje!" alifoka Dokta.

"Inakuja! Iko njiani!"

"Iko njiani tangu mwaka gani?" Aimé naye alikuwa wima tena, anatikisa mkono mmoja. "Nimepita kule jana, nyasi zimeota kwenye reli!"

Mtoto ametulia kabisa. Dokta akatangaza, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba ubishi ni dawa ya chanjo, na kwamba hospitali zinaficha.

Basi tukafanya kazi ya ubishi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Tulibishana iwapo mtumbwi wa kwenda Alunguli unazama kwa mizigo au kwa dhambi za abiria. Tulibishana kama sabuni ya Dokta ni sabuni. Mimi, mzaliwa wa Kasongo, nilitukana mchele wa Kasongo nikausifu wa Kibombo, Mungu anisamehe. Kila tulipopoa Aimé aliketi apumzike, mtoto akalia, tukaanza upya. Mwishowe Chef Gare akafuta jasho, akasema, "Ni kweli lakini. Treni haikuje."

"Usikubali!" tulimfokea wote. "Kataa! Mutoto anasikiliza!"

"Nimechoka. Miye ni mutu muzima."

Dokta akatafuta moto mwingine. Akamgeukia Haguswi. "Weye muzee, vita vimeisha. Masharti yote hayo unashika ya nini? Nani atakupiga risasi hapa? Mwanvua?"

Nilidhani Haguswi atafoka, tupate amani ya kunywa angalau kikombe kimoja. Hakufoka.

"Tulichanjwa wengi," alisema. "Kulikuwa kijana mumoja, rafiki yangu sana, tulikula sahani moja. Yeye na wengine hawakurudi. Miye nilirudi. Sijui ni sharti gani liliniponyesha. Ningejua, ningeshika lile moja, haya mengine ningeyatupa. Sijui. Njo maana nashika yote."

Nilimwonea huruma mzee yule, mimi ambaye nimemcheka kidevu chake miaka yote. Aimé alikuwa ameketi, na kilio cha mtoto kikajaa kijiwe kizima.

"Miye naogopa," alisema Aimé. Sauti yake haikuwa ya Bila Breki. "Si Claire alimubeba kwenda kule. Ni miye. Nilimushika miguu wakati wanamudunga, alikuwa ananiangalia. Kama wamemuharibu, ni miye nimemupeleka."

Mwanvua akaweka birika chini.

"Bishaneni tena basi!" alisema Aimé, machozi yako karibu. "Mumusaidie!"

"Treni inakuja," alisema Chef Gare kwa sauti ndogo.

"Haikuje," alijibu Dokta, ndogo zaidi.

"Ninyi wanaume muko na nini?"

Alikuwa Claire. Nywele upande mmoja zimelala, upande mwingine zimesimama, kandambili za mume miguuni.

"Sauti yenu inafika mupaka nyumbani! Nimelala kidogo tu, nasikia watu wanapigana juu ya muchele wa Kasongo!"

"Tunatuliza mutoto," alisema Aimé. "Akisikia ubishi ananyamaza. Tumejaribu mara mingi. Ona." Akasimama aonyeshe. "Treni haikuje!"

Espérance akanyamaza.

Claire hakumtazama mtoto. Alitazama kitenge. Akainama, akashika fundo.

"Aimé, keti."

Akaketi. Mtoto akalia.

"Simama."

Akasimama. Mtoto akanyamaza.

"Bishana sasa, lakini uketi."

"Treni..." alisema Aimé akiketi, na kilio kikamkata maneno.

"Fundo lako," alisema Claire, "liko juu ya paja ya mutoto. Pale pale walipomudunga! Ukiketi linabana pa sindano. Ukisimama linaachia. Mutoto hapendi ubishi wenu. Anapenda muguu wake!"

Dokta alitazama viatu vyake. Chef Gare alianza kutafuta treni kwa macho. Mimi nilifikiria mchele wa Kasongo nilioutukana bure, nikauma meno.

"Papa, shika hapa," alisema Claire, na kabla mtu hajasema neno alikuwa amemchomoa mtoto kutoka kwenye kitenge na kumweka kwenye mikono iliyokuwa karibu. Ilikuwa mikono ya Haguswi.

"Claire!" alilia Aimé. "Muzee haguswi!"

"Miye nimemugusa? Ni mutoto anamugusa." Alikuwa anafungua lile fundo kwa meno.

Haguswi alikuwa amekauka. Viwiko vimetoka nje, mtoto katikati, miguu yote miwili inaning'inia bila kubanwa na kitu. Espérance alimwangalia kidevu. Kisha akashika kidole chake, akakibana, akapumua kwa kwikwi mara mbili, akatulia.

"Alisema nini yule muganga?" aliuliza Aimé taratibu.

"Ulikuwa unalinda pikipiki! Alisema mutoto anaweza kulia leo na kesho, mwili upate moto kidogo, ni kawaida, itapita. Tumubebe, tumunyonyeshe mara kwa mara. Kama moto unapanda sana ao anakataa kunyonya, turudi mbio. Na pa sindano," akamwangalia mumewe, "tusipake kitu, tusibane. Alisema: pale asiguswe."

"Asiguswe!" Haguswi alipata sauti. "Mumesikia? Muganga wa centre mwenyewe! Asiguswe! Nilisema miye! Masharti ni..."

Hakumaliza. Kitu cha moto kilikuwa kinateremka kwenye shati lake, kutoka kifuani, pale penye chale, mpaka kwenye mkanda. Espérance alikuwa anakojoa kwa utulivu mkubwa, kidole cha mzee bado kiko mkononi mwake.

Tulisimama wote. Tulitazama shati, tukamtazama mzee, tukatazama shati.

"Mayi," alisema Dokta kwa kunong'ona.

"Mayi!" alisema Chef Gare.

"Mayi! Mayi!" kijiwe kizima kikapiga ukelele wa vita, vikombe vikagongana, Mwanvua akakaa chini kwa kicheko, watu wa stesheni wakatoka kuangalia kama vita vimerudi. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Aimé peke yake alikuwa anaomba msamaha, mikono kifuani: "Pole muzee, pole, chanjo yako imekufa, ni miye nimemuleta..."

Haguswi alisimama vile vile, ameloa. Akamwangalia mtoto aliyeanza kufumba macho. Akaangalia mkono wake mwenyewe, ule ulioshikwa. Akangoja kidogo, kana kwamba kuna risasi itatoka mahali. Haikutoka. Akasogeza mtoto begani kwa upole, akanyoosha mkono mwingine kwa Chef Gare.

"Habari ya asubuhi," alisema.

Chef Gare aliupokea kwa mikono miwili. Halafu Dokta. Halafu mimi, na vidole vyangu vya grisi, na sioni haya kusema macho yaliniuma.

"Kijana," mzee alimwambia Aimé, "ile sindano ya pili njo lini?"

Aimé akamwangalia Claire, akamwangalia mtoto aliyelala fofofo. "Mwezi wenye kuya. Tutaenda. Nitakaa ndani, nisikilize."

"Munipitie. Yangu imekufa, nitaomba wanichanje upya, na masharti mapya."

"Muzee, ile ni ya watoto!"

"Nitasimama kwenye mustari wa wamama. Redio imesema." Akageuka, mtoto begani, shati likidondoka maji, akaelekeza pua kwenye sufuria ambayo kwa miaka yote amekuwa akiifumbia macho. "Lakini mupaka siku ile, niko bila masharti hata moja. Mama Gisèle!"

"Abe!"

"Sombe iko?"

"Iko, papa. Nikutilie sahani?"

"Sahani ya nini?" alisema Haguswi. "Leta sufuria."