Kahawa ya Mama na Upupu wa Lupiro

Jumatatu, 14 Julai
Margareta anakuja! Dada yangu. Jumamosi atapita Ifakara akielekea Mahenge kwenye harusi. Hajakanyaga kwangu tangu matanga ya mama. Bahati mbaya Fulgensi, binamu yetu, jirani yangu hapa Kibaoni, ameshamwalika kwake. Ana vigae. Ana friji. Mimi nina benchi.

Lakini nina kitu ambacho Fulgensi hana. Nitampikia Margareta kahawa ya mama.

Enzi zile madukani hapakuwa na kitu. Mama alikuwa akichuma maharage ya porini, anayachemsha, anamwaga maji, anayachemsha tena, kisha anayakaanga kwenye chungu hadi yawe meusi tii. Tukitwanga, nyumba nzima inanukia. Na nani alikuwa mkuu wa uchumaji? Mimi. Mama alikuwa ananitanguliza kichakani peke yangu, wenzangu wanasubiri njiani mpaka awaite. Heshima kubwa kwa mtoto wa darasa la pili.

Jumanne, 15 Julai
Nimefanya kosa la kumwambia Fulgensi. Akauliza nitayatofautishaje na upupu. Nikamjibu kwamba kuna watu wamezaliwa wanajua. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nakiri, mimea hii ni ndugu wa tumbo moja. Yote hutambaa, yote ina majani matatumatatu na maua ya zambarau. Tofauti ni manyoya ya ganda tu. Moja lina manyoya ya dhahabu, yanang'aa. Jingine lina ya kijivu, yamelala kama mgongo wa panya. Mmoja ni mpole, mwingine ni upupu wenyewe. Yupi ni yupi? Wa dhahabu ndiye mpole, bila shaka. Mama asingeokota kitu chenye sura ya panya.

Jumatano, 16 Julai
Lupiro, kwa bodaboda ya Mudathiri. Tumevuka darajani kwa dakika chache, nikasikitika. Zamani hapa tulisubiri pantoni nusu siku. Mama ananunua samaki wa kukaanga, anamgawia Margareta kichwa, mimi mkia, anaimba nyimbo za kanisani huku miguu iko majini. Leo hata jina la wimbo mmoja sikulikumbuka. Iliniuma.

Maganda ya dhahabu yalikuwa tele! Nikayakata kwa mundu, yakadondokea kirobani mpaka kikajaa. Nikakipakia mbele, juu ya tenki, kiwe salama. Mudathiri akaondoa pikipiki kwa kasi. Upepo ukafanya kazi yake.

Ni upupu.

Mudathiri aliwashwa kabla yangu kwa kuwa alikuwa mbele. Alisimamisha pikipiki, akavua shati, akabingirika mchangani. Akasema mzee kama mimi alistahili shikamoo yake, lakini leo anaichukua tena. Mama ntilie mmoja alitupaka majivu mwili mzima. Nimerudi Kibaoni kwa mguu. Mudathiri alikataa kunipakia, hata bila kiroba.

Alhamisi, 17 Julai
Fulgensi alikuja kunipa pole. Habari zilishafika. Kumbe wa kijivu ndiye mpole, lakini safari hii sikutaka kubahatisha. Nilikuwa na ganda la kijivu, nikamwomba anishikie wakati natafuta miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa. Hakuona, alikuwa ananicheka. Alilishika maongezi yote. Hakujikuna hata mara moja!

Ganda lenyewe nililichuma asubuhi, nimelishika kwa jani la mgomba, kwenye uzio wake, nyuma ya choo chake. Nimeenda Lupiro bure.

Ijumaa, 18 Julai
Fulgensi alipoenda shamba, nikausafisha uzio wake wote, halikubaki ganda. Nikachemsha, nikamwaga maji, nikachemsha tena. Nikakaanga. Moshi ulipoanza kunukia nilikaa chini. Nilimwona mama kabisa, kanga kiunoni, mwiko mkononi, akimkemea Margareta asisogelee moto. Nimelia. Sioni aibu kuandika hivyo. Namkumbuka sana mama yangu.

Jumamosi, 19 Julai
Margareta alishukia kwa Fulgensi! Nikamwona dirishani, kwenye sofa, na soda baridi. Nikajua nimeshindwa. Nikaendelea kukaanga kwa hasira tu.

Mara nasikia hodi. Shikamoo kaka. Alisema harufu ilimfuata hadi kwenye vigae, soda ikamshinda. Akaketi kwenye benchi. Akanywa. Kisha akasema ni chungu vilevile kama ya mama, na machozi yakamtoka.

Heri hapo ningenyamaza. Nikaanza kueleza ufundi wangu wa kutofautisha, tangu utoto. Margareta akacheka mpaka kikombe kikamwagika. Akasema mama mwenyewe hakuwahi kujua tofauti. Ndiyo maana alinitanguliza. Nikitoka najikuna, wanahamia kichaka kingine. Nikitoka mzima, anawaita. Na kwa kuwa roho ilimuuma, kikombe cha kwanza kila siku kilikuwa changu.

Nikajimiminia kikombe kingine. Margareta alilala kwangu. Fulgensi alileta sukari, akanywa vikombe vitatu.

Jumapili, 20 Julai
Margareta amepanda basi la Mahenge. Amesema Jumanne akirudi atakaa wiki nzima. Kwangu, si kwa Fulgensi!

Nimelitafakari lile suala wakati wa misa. Liko wazi. Katika familia nzima, mama aliiamini ngozi yangu tu. Huo ni utaalamu. Baada ya misa niliwatangazia watu kwamba mwenye shida na mmea wowote wa jamii ya mikunde aje kwangu.

Nimemwahidi Margareta mboga ya kunde mwitu. Nimezichuma Namawala, kando ya majaruba ya mpunga. Ziko za aina mbili, zinafanana kama pacha. Moja tamu ajabu, nyingine inaharisha. Kwa jicho langu ni kazi ndogo. Zimeiva, nimekula bakuli zima. Tamu ajabu!

Natoka kidogo.

Nimerudi. Natoka tena.