Mawese Stoki Sifuri Nukta Nne

Jumatatu, 10 Februari 2025
Mvua tena hapa Kumsenga. Lori la dizeli limekwama kwenye tope njia ya Kibondo, na Jumamosi ni harusi ya shemeji yangu Ange. Mahindi ya harusi yamejaa mlangoni mwa mashine ya kusaga. Mashine ni ya baba mkwe, mzee Kipriani, aliyekwenda Kasulu kuonana na upande wa bwana harusi. Kaniachia mimi, siyo Marselino, mwanawe wa kuzaa! Alisema harusi ikiisha atatamka nani ataiendesha moja kwa moja. Marselino akacheka. Atalia.
Wazo: mawese! Yamejaa sokoni. Mafuta ni mafuta.

Jumanne, 11 Februari
Mimi si mtu wa kukurupuka. Nimesoma kitabu cha injini. Kinataka mafuta yenye mnato wa 2 hadi 5. Mnato ni ule ugumu wa kutiririka: uji unao, maji hayana sana. Nikatafuta mawese kwenye simu: 0.4. Sifuri nukta nne! Kumbe ni mepesi kuliko dizeli! Nikamimina kijiko, yakashuka polepole kama mzee anayetoka misani. Ajabu. Basi macho hudanganya, namba hazidanganyi. Simu imeandika "stoki", kitabu "sentistoki". Nadhani ni kama Kiha na Kirundi tu, watu wanaelewana.
Eti Stoki lilikuwa jina la mtu. Kwa nini siyo langu? Nikatoboa kopo, nikapima jinsi chai, maji na asali zinavyodondoka. Kipimo nimekiita bazili, kutokana na Bazilio. Asali ilikataa kudondoka! Mke wangu Maximilla akauliza asali ya wageni imefuata nini kwenye kopo bovu. Nikasema sayansi. Akaondoka na kopo.

Jumatano, 12 Februari
Tatizo: mawese mepesi namna hii yataharibu injini. Dawa: kuyaongezea uzito. Nimeyachanganya na oili chafu ya gereji. Yametoka meusi, mazito, ya kupendeza. Marselino akapita akasema hiyo ni lami. Wivu.
Mashine ikawaka kwa dizeli iliyosalia kwenye mpira wa mafuta. Ikanguruma! Nikampungia Marselino mkono. Kisha ikakohoa, ikatoa moshi wenye harufu ya maandazi yaliyoungua, ikanyamaza.

Alhamisi, 13 Februari
Baridi. Nimefungua tangi: mawese yameganda kama sabuni. Chujio limeziba, nozeli, ule mdomo wa kunyunyizia mafuta, imeziba. Nikampigia Mwalimu Zuhra, anayefundisha fizikia Kasulu, nikalalamika kwamba simu imenidanganya. Akaniuliza vipimo, nikamsomea. Akaniambia nirudie mara mbili.
Kisha akasema: "Bazilio, stoki moja ni sentistoki mia. Mawese yako ni arobaini."
Arobaini! Na hapo ni yakiwa ya moto. Akasema kitabu kinataka tano mwisho, yalikuwa yamezidi mara nane, na mimi nikayaongezea. Nikauliza kama sentistoki hupungua mtu akiziombea. Akakata simu.
Nimekaa nikiwaza. Kumbe yalikuwa mazito vilevile nilivyoyaona kwenye kijiko. Maajabu haya hayaishi.

Ijumaa, 14 Februari
Mana yanje, Mungu wangu! Mzee Kipriani karudi, unga hakuna, Ange analia ndani. Mzee aligusa tangi, akanusa kidole. Afadhali angenitukana. Maximilla akafunga kibwebwe. Aliita wanawake wa jirani, wakatoa vinu, wakatwanga tangu asubuhi. Mimi na Marselino tukapewa kinu kimoja. Viganja vimechubuka. Katikati ya kutwanga Marselino akaniuliza mchi una stoki ngapi. Nilijaribu kukadiria.

Jumapili, 16 Februari
Ugali ulitosha. Ulikuwa na chenga, lakini Ange alicheka na wageni walikula. Lori limefika, fundi ameisafisha mashine. Mzee akasimama mbele ya watu akamtaja atakayeiendesha: Maximilla! Mimi na Marselino tukatazamana kama ndugu kwa mara ya kwanza.
Amri ya mke wangu: nisilisogelee tangi. Sawa. Lakini Mwalimu Zuhra kanifungua akili. Badili vipimo kwanza! Leo nimetafuta oili ya injini: 0.0001, mita za mraba kwa sekunde. Maji: 1, milimita za mraba kwa sekunde. Mtego nimeuona mapema! Mita moja ina milimita elfu, nikazidisha kwa elfu; hilo neno "mraba" ni pambo tu. Oili inatoka 0.1. Kumbe maji ni mazito kuliko oili mara kumi! Mbona hakuna aliyewahi kutuambia?
Nurudini wa bodaboda yuko nje, analalamika oili ya pikipiki imepungua na duka limefungwa. Nimemwambia asiende popote. Naleta ndoo ya maji.