Miwani Inayolingana na Mashine

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaingia stoo bila hodi. Bahati mbaya! Nilikuwa nachonga jina lake kwenye ubao wa kukatia vitunguu, kwa mashine yangu mpya ya leza. Macho nimeyakinga kwa kiganja, vidole nimeviachanisha kidogo ili niione kazi. Nikamwambia macho hayana pazia. Akasema ndiyo maana kuna miwani. Yeye ni muuguzi wa kliniki ya macho, kwa hiyo nyumbani kwetu jicho halifanyiwi mzaha. Katoa amri: kufikia Jumamosi saa sita mchana niwe na miwani inayolingana na mashine. La sivyo, mashine inakwenda kwa kaka yake.

Kwa shemeji! Mtu aliyekuja kuitazama siku ya kwanza na futi ya kupimia mfukoni!

Jumanne, 4 Machi

Ufumbuzi umepatikana. Miwani ya jua, mbili, moja juu ya nyingine. Giza juu ya giza. Nimechonga ua zuri sana, ila limeangukia nje ya ubao, juu ya meza.

Mke wangu anasema miwani ya jua ni mbaya kuliko kukaa macho matupu: giza huifanya mboni itanuke, na mwanga ukaingia kama mgeni aliyekaribishwa. Halafu akatokea shemeji, kama kawaida yake, chakula kikiwa mezani. Akaeleza, huku anatafuna, kwamba kila leza ina namba ya mwanga wake. Kwamba kibandiko cha mashine yangu kinasema 450, yaani buluu. Na kwamba miwani lazima iwe imeandikwa kuwa inazuia namba hiyohiyo. Akashauri ya rangi ya chungwa. Nikamwambia hayo nayajua tangu zamani.

Sikuyajua.

Jumatano, 5 Machi

Duka la vifaa vya mafundi. Muuzaji aliweka miwani mbili kaunta, ya chungwa na ya kijani. Ya chungwa ndiyo aliyoitaja shemeji. Nikachukua ya kijani. Muuzaji akauliza leza yangu ni ya namba gani. Nikamwambia asihangaike, mimi si mgeni wa mambo haya.

Nyumbani nikachonga jina langu kwenye fremu, asije mtu akaiazima. Kisha majaribio. Kupitia kioo cha kijani niliiona ile nukta ya buluu ya leza waziwazi, inang'aa, haijapungua hata chembe. Miwani ya kiwango!

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kasoma kikaratasi kilichokuwa ndani ya boksi. 630 mpaka 660. Inazuia nyekundu tu. Kasema kama mimi naiona nukta vizuri, basi na nukta inaniona vizuri. Nikarudi dukani kubadilisha. Muuzaji akatazama jina langu kwenye fremu, akanirudishia miwani, akanisifu kwa mwandiko.

Nikakaa stoo nikatafakari. Miwani lazima ilingane na mashine. Sawa. Lakini hakuna aliyesema ni kipi kibadilike! Nimebandua kibandiko cha 450. Nimechonga kipya: 650. Namba zimenyooka kama za kiwandani. Akili ni nywele, na zangu bado zipo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekifuta kibandiko vumbi mara nne. Mezani nikamkumbusha mke wangu kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo. Hakucheka. Kasema wahenga hawakuwahi kufanya kazi kliniki kwao. Shemeji katuma ujumbe kwamba kesho anakuja na gari.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kamteua kaka yake kuwa mkaguzi! Shemeji akasoma kikaratasi cha miwani, akasoma kibandiko, akarudia kikaratasi. Akajikuna kichwa. Vinalingana. Akasema anakumbuka 450. Nikamwambia umri huo, kumbukumbu huanza kuteleza. Akawasha mashine.

Nukta ya buluu.

Akasema 650 ni nyekundu, na hii ni buluu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa bado na hatua moja. Nikasema hiyo ni nyekundu.

Mke wangu akaniuliza, polepole, naona rangi gani. Nyekundu, nikasema, nyekundu kabisa. Nilitegemea agombe. Akajishika mdomo. Akauliza gauni lake ni la rangi gani. Gauni lilikuwa la buluu. Ningesema nini? Nikasema jekundu. Akaanza kulia.

Tukaenda kliniki kwa gari lilelile lililokuja kuchukua mashine. Daktari akanifungulia kitabu cha vidoa vya rangi, nitaje namba zilizofichwa ndani yake. Mke wangu alisimama nyuma yangu kanishika bega. Niliona aibu. Kweli kabisa, niliona aibu. Namba nilizisoma zote moyoni, hata moja haikunipita, na kauli ya kukiri ilifika mpaka kwenye meno. Lakini shemeji alikuwa mlangoni anachezea funguo. Nikikiri tu, mashine ni yake. Nikamwambia daktari sioni kitu.

Daktari akasema jicho lenyewe halina jeraha, jambo linalomshangaza. Ila mtu wa hali hii asikaribie leza ya aina yoyote.

Mashine imeondoka saa tisa. Shemeji kanipa pole kwa mikono miwili.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ananihurumia hadi nakosa pa kujificha. Asubuhi kanichagulia soksi. Mchana kanivusha barabara kwenye taa, kanishika mkono, watu wanatazama. Kukiri sasa haiwezekani. Atanisamehe macho, hatanisamehe machozi.

Hata hivyo siku haikupotea. Alipolala kidogo nikampigia simu muuzaji mwingine, mwenye mashine yenye nguvu mara tano ya ile. Safari hii nimejifunza: nikauliza kwanza mwanga wake ni wa rangi gani. Akasema hauna rangi, hauonekani kwa macho hata kidogo, na ndiyo maana hasa niwe mwangalifu na miwani. Hapo akajichanganya mwenyewe, maskini. Jicho litaumizwaje na kitu lisichokiona?

Nimeagiza. Inafika Jumatano. Miwani nimemwambia abaki nayo.