Ngoma ya Didia Imepoteza Sauti kwa Sababu ya Tangazo Lenu

Kikundi cha Kulima kwa Ngoma,
Didia, Shinyanga.

Kwa Mratibu wa Nafasi za Uzamivu,
Utafiti wa Ubongo, Muziki na Lugha.

Ndugu Profesa,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama sivyo, naipokea yako: marahaba.

Mimi ni Ngusa, kiongozi wa kikundi kinacholima mashamba ya watu kwa ngoma. Mimi napiga, binti yangu Nyamizi, mwalimu mwenye shahada ya uzamili, anaimbisha, na majembe yanashuka pamoja. Tangazo lenu lilimfikia kwenye simu tukiwa katikati ya tuta. Akanyamaza. Watu kumi na wanane wakabaki na majembe hewani. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mnatafuta muziki unakaa sehemu gani ya ubongo. Mngetuuliza. Unakaa kiunoni.

2. Tangu Nyamizi ajaze ile fomu yenu ya karatasi (ambayo sasa haionekani, nami sina la kusema juu yake), ngoma yetu imepoteza sauti. Inalia kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Kwa Mzee Onesmo tulilima matuta yakapinda hadi yakakutana. Hayo ni madhara ya utafiti ambao haujaanza. Ukianza je?

3. Nyamizi anasema anataka kumsaidia bibi yake, yaani mama yangu, Rhoda. Tangu apate kiharusi, mama hawezi kutamka hata "maji", lakini nyimbo za kulima anaziimba na maneno yote. Nyamizi anauliza kwa nini. Mimi siulizi. Mama akiimba tunaleta maji, akiendelea tunaleta uji, akiendelea tunaleta shuka. Utaratibu huu unatutosha. Jana tu ndipo alipoimba kutwa nzima, akinitazama mimi, kisha ngoma, na hatukujua anataka nini. Nakiri hilo liliniuma sana.

4. Miaka minne! Nani ataimbisha? Mwenzetu Philomena ana sauti nzuri ila anaimba taratibu mno. Tukimfuata yeye, mvua zitakwisha tuko shamba la kwanza.

Kwa hiyo naomba mzifute nafasi zote, au mhamishie chuo Didia. Ubongo upo wa kutosha.

Wasalimie walimu wenzako, wapishi wa chuo, na hata huyo aliyeandika tangazo.

Wako katika matuta yaliyopinda,
Ngusa, Baba Nyamizi.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, kikundi kimefika uani kwa mazoezi. Mama ameanzisha wimbo wetu, na pale tunapotaja jina la mvivu ameweka langu: Ngusa kaficha barua, kaiweka ndani ya ngoma. Watu kumi na wanane wameitikia: Ndani ya ngoma! Mke wangu Lusia ameingiza mkono kwenye tundu la ngoma, akatoa fomu ya Nyamizi, imeviringishwa kwenye sweta langu. Siku nilipoificha mama aliniona. Nilijiambia hawezi kusema.

Ngoma sasa inalia vizuri. Fomu nimeiambatanisha, na Lusia amesimama mlangoni kuhakikisha. Mpokeeni Nyamizi upesi, tujue mama ana mengine gani ya kusema. Ameshaanza ubeti wa pili.