Twita Tatu Nilizozizika Zikiwa Hai

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya fundi redio, mtani wangu na muuza vitumbua. Nawaandikieni mwenyewe, ndugu zangu wa barazani, kabla hamjatangaziwa na gari la kijiji. Barua hii inakuja na lori la ushirika. Gari la kijiji lenyewe litachelewa kidogo Nangurukuru likipakia mbegu, na sijawahi kuzishukuru mbegu kama leo.

Mnajua hali ya vipaza sauti vya Landi Rova yetu. Tangu ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo mafundi huiita twita, ilipoungua, imebaki spika kubwa peke yake, inanguruma kama mtu aliyefungiwa ghalani. Juzi lilipita tangazo la chanjo ya watoto. Watu wakatoka nje kuulizana nani amefariki.

Mwenyekiti akaamua itafutwe twita mpya huku Kilwa Masoko, na wa kuichagua niwe mimi. Hoja yake ni kwamba mtu anayepambanua herufi sini na swadi kwa mtoto aliyekaa safu ya nyuma kabisa ya madrasa hawezi kuuziwa spika mbovu. Nilikataa kwa unyenyekevu (mara moja tu, asije akakubali).

Tena nilikuwa na jambo langu huku. Kamati ya Maulidi imeniteua kuwa mwamuzi wa watoto watakaoshindana kusoma Kurani. Nafasi hiyo nimeiombea miaka mingi, kimoyomoyo, kwa adabu zote. Leo nilikuwa nipite kwa mzee wa kamati nimwambie nimekubali.

Dereva wetu Hashimu mnamjua, ni mtani wangu. Huyu ndiye aliyeshuka kaburini kabla ya maiti siku tuliyomzika kaka yangu, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Kwa hiyo maneno yake huwa siyabebi yote. Nayapunguza nusu, kisha nusu ninaitupa.

Tukafika kwa fundi. Akatoa twita tatu, akasema kila moja ataiunga kwenye kimashine chake kinachotoa mlio mmoja mwembamba, nami nisikilize ipi inatoa sauti safi isiyokwaruza. Nikaketi. Nikarekebisha kofia. Akaiunga ya kwanza, akazungusha kitufe.

Kimya.

Hashimu akaziba masikio kwa viganja vyote viwili na kukunja uso. Nikatabasamu. Huo utani nimeuzoea.

"Hii maiti," nikamwambia fundi. "Leta nyingine."

Fundi akanitazama, akamtazama Hashimu, akaunga ya pili. Kimya. Safari hii fundi naye akakunja uso, nikajua ameshanunuliwa (kwa sigara moja, namjua Hashimu).

"Maalim, inapasua masikio hiyo," akasema Hashimu.

"Inapasua ya kwako, mtani. Humo kichwani hakuna kitu cha kuizuia."

Niliona nimejibu vizuri sana. Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Ya tatu nikamwamuru fundi azungushe kitufe mpaka mwisho. Mbwa aliyekuwa amelala ngazini akainuka, akaondoka bila kuaga. (Mbwa hana utani na mtu. Hilo nalo lilinipita.) Basi nikamgeukia fundi na kumweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba katika nchi hii tunayoijenga si haki kuwauzia wakulima maiti tatu kwa siku moja. Nikamsomea na aya za wanaopunja vipimo, kwa tajwidi kamili. Yalikuwa mawaidha mazuri, hata mwenyewe yalinigusa.

Nilipomaliza, mama anayeuza vitumbua pale kibarazani alikuwa amesimama mlangoni, khanga kaishindilia masikioni.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

Akaomba radhi kwa kuingilia, kisha akauliza kwa adabu kama tunakaribia kumaliza, maana ameshahamisha jiko mara mbili na huko alikofika bado mlio unamfuata.

Nikamwambia Hashimu kwamba kumwingiza mama wa watu kwenye utani wake ni kuvuka mpaka. Hapo mtani wangu akafanya jambo ambalo hakulifanya hata kaburini. Akaacha mzaha.

"Maalim, haki ya Mungu, leo sikutanii."

Nikasema tutaona. Nitageukia ukuta, wao wawashe watakapo, nami nikisikia nitainua mkono. Kufikia hapo wacheza bao wa jirani walikuwa wameacha kete zao na kujaa mlangoni. Nikageuka. Mikono ikajifunga kifuani yenyewe kwa mazoea. Nikangoja. Nikaleta istighfari, nikaleta na tasbihi. Nikangoja tena.

"Washeni basi," nikasema, "tusije tukapitwa na adhuhuri."

Kisha yule mama akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani:

"Maalim, imewashwa tangu ulipogeuka."

Ukuta ule sasa naujua vizuri. Nilitamani niendelee kuutazama mpaka Maulidi yapite.

Na pale pale ukutani nikawakumbuka wanafunzi wangu. Mmewasikia wanavyosoma: sini zao, nazo ni sauti nyembamba, zinafoka kama pampu ya baiskeli iliyopasuka. Ni mimi niliyewafikisha huko. "Sijaisikia sini! Itoe!" Wanaitoa mpaka mate yanalowanisha msahafu, nami nalaumu meno yao ya mbele.

Twita imechaguliwa na mama wa vitumbua. Kasikiliza zote tatu, akasema ya pili haikwaruzi. Fundi nimemwomba radhi, akanisamehe, akasema aya zilimpendeza. Hashimu ameifunga garini papo hapo.

Kwa mzee wa kamati nilikwenda kwa miguu, polepole. Nilikuwa na njia ya kunyamaza. Nani angejua? Lakini mtoto aliyekesha na sura yake anastahili mtu wa kumsikia. Nikamweleza yote na kumrudishia nafasi yake. Akafikiri sana, akaniuliza kama sauti nzito nazisikia. Nikamwambia hizo nazisikia, alhamdulillahi, hata nisizozitaka.

Watoto amempa mwingine. Mimi nimepewa kundi la wazee wa umri wangu. Wao hawana meno, mimi sina masikio, hakuna atakayemdhulumu mwenzake.

Nanyi barazani, naomba msicheke. Ikiwashinda kabisa, chekeni kwa sauti nyembamba.